Mlango wa Nyanza: Maelezo ya Bwawa la Jinja na Maji ya Ukingo Wetu

Maji ya Nyanza yapandapo na kuingia mashambani, husikika katika vijiji vya kando ya ziwa maneno haya: "Wamefunga mlango kule Jinja." Na maji yashukapo, mitumbwi ikalala juu ya matope mbali na mawimbi, maneno hugeuka yakawa: "Wamefungua mlango." Wasemao hivyo hawakukosa kabisa. Mlango upo kweli, nao ni mmoja tu kwa ziwa zima. Lakini mlango huo hauwezi mambo yote unayosingiziwa. Tena unaweza jambo moja ambalo wengi hawajalifahamu. Kwa hiyo tumeona vema tueleze habari zake tangu mwanzo, ili mwalimu apate kuwafundisha wanafunzi wake, na kiongozi wa kijiji apate kuwajibu watu wake kwa hesabu wala si kwa uvumi.

Kwanza yafaa tujue kwamba malango ya maji ni ya namna mbili, nayo hayafanani kwa kazi yake.

Namna ya kwanza ni lile la kupitisha meli katika mfereji uliochimbwa na watu. Tuseme mfereji una sehemu ya chini na sehemu ya juu, na meli yataka kupanda. Hujengwa chumba kirefu cha mawe au saruji, chenye mlango upande wa chini na mlango upande wa juu. Meli huingia kwa mlango wa chini, kisha mlango ule hufungwa nyuma yake. Ndipo maji ya sehemu ya juu huachiwa kuingia chumbani polepole kwa matundu, nayo meli hupanda pamoja na maji, kama kibuyu kieleavyo ndani ya mtungi unaojazwa. Maji ya chumbani yakiisha kuwa sawa na yale ya juu, mlango wa juu hufunguliwa, na meli huendelea na safari. Hapana mashine iinuayo meli. Maji yenyewe ndiyo yachukuayo mzigo. Kanuni kubwa ya wachungaji wa chumba hicho ni moja: milango yote miwili isifunguliwe pamoja hata mara moja, maana hapo maji ya juu yangeshuka kwa nguvu na kuangamiza kila kitu.

Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, una vyumba vya namna hii, navyo hupandisha meli za bahari mita 26 hadi ziwa lililo juu, kisha huzishusha upande wa pili. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, hauna chumba hata kimoja, kwa sababu bahari mbili unazoziunganisha zakaribia kuwa sawa kwa kimo.

Namna ya pili ni lango la bwawa. Hili halipitishi meli. Kazi yake ni kupima maji: kuyazuia, au kuyaachia kidogo, au kuyaachia mengi. Mlango wa Jinja ni wa namna hii ya pili. Ndiyo sababu hapana meli iwezayo kutoka Mwanza ikashuka kwa mto Nile mpaka bahari ya Misri. Na hata bwawa lisingalikuwako, safari hiyo isingewezekana, kwa kuwa uso wa Nyanza uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na njiani mna maporomoko mengi, likiwamo lile la Murchison ambapo mto wote huanguka kama mita 43 katika ufa mwembamba wa mwamba. Kwa sababu hiyo meli za ziwa letu hazikuja kwa maji. Meli William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, vipande vikachukuliwa toka Mombasa hata ziwani, ikaungwa na kuelea mwaka 1900. Meli Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, nayo iliundwa kwa vipande ng'ambo ikaungwa Kisumu. Na meli Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, iliundwa hapa hapa Mwanza. Nyanza ni nyumba yenye mlango wa maji, lakini haina mlango wa meli.

Sasa natueleze habari za mahali penyewe. Jinja iko upande wa kaskazini wa ziwa, katika Uganda, kama kilomita 330 kutoka Mwanza ukipima moja kwa moja kama ndege arukavyo. Hapo ndipo Nyanza hutoa maji yake yote yatokayo kwa mto. Mzungu Speke alifika pande za Mwanza mwezi wa Agosti 1858 akaona maji haya, akadhani kwamba ndiyo asili ya Nile. Naye alifika kwenye mlango wenyewe tarehe 28 Julai 1862. Wengi katika nchi yake hawakumsadiki, mpaka Stanley alipoondoka Kagehyi, kijiji cha ukingo wetu, mwaka 1875, akalizunguka ziwa lote kwa mashua na kuhakikisha kwamba ni ziwa moja na mlango wake ni mmoja.

Zamani hizo mlango ulikuwa wa jabali. Ukuta wa mwamba ulikingama kutoka ng'ambo hata ng'ambo, na maji yakafurika juu yake yakaanguka chini; Speke akapaita maporomoko ya Ripon. Jabali lile lilikuwa mlango usio na mlinzi, wala halikupendelea mtu. Ziwa likijaa, maji mengi yalipita juu yake; ziwa likipungua, maji machache yalipita. Ni kama mtungi wenye tundu karibu na mdomo: kadiri maji yasimamavyo juu ya tundu, ndivyo yatokavyo kwa wingi. Kwa njia hii ziwa lilijipima lenyewe. Wasomaji waliweke neno hili moyoni, maana mambo yote yajayo yasimama juu yake.

Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uganda ilitaka nguvu za umeme. Ripoti ya mwaka 1947 ya Charles Westlake ilionyesha kwamba maji ya Jinja yaweza kugeuza mitambo mikubwa. Lakini Misri, nchi inayoishi kwa maji ya Nile, ilitaka kwanza kuwa na hakika kwamba haitanyimwa maji. Basi mwaka 1949 Uingereza na Misri zikaandikiana mapatano. Misri ikatoa sehemu ya fedha, na mhandisi wake akawekwa Jinja kuangalia maji yanayoachiwa. Bwawa likajengwa chini kidogo ya maporomoko ya Ripon, mahali paitwapo maporomoko ya Owen, nalo likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Jabali la Ripon likakatwa, na mabaki yake yakafunikwa na maji. Bwawa hilo leo huitwa Nalubaale, ambalo ndilo jina la ziwa kwa lugha ya Waganda. Barabara ya kutoka Kenya ilipita juu ya bwawa lenyewe kwa miaka mingi, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018.

Palikuwa na shaka moja kubwa: ikiwa jabali limeondolewa, nani atalipima ziwa? Jibu lililokubaliwa ni kwamba mlinzi wa bwawa atalifuata jabali kana kwamba lingaliko. Wahandisi walikuwa na vipimo vya miaka mingi, maana kimo cha ziwa kimekuwa kikipimwa tangu mwaka 1896. Wakachora mstari uonyeshao, kwa kila kimo cha ziwa katika kipimo cha Jinja, ni maji kiasi gani yaliyokuwa yakipita juu ya jabali. Na mlinzi aachie kiasi hicho hicho. Mstari huo huitwa Mstari wa Mapatano. Kwa mfano, kipimo kikisoma mita 11, yaachiwe kama mita za ujazo 600 kwa kila sekunde. Kikisoma mita 12, kama 1,100. Na kikipita mita 13, yakaribia 2,000. Hivyo mlango wa mikono ya watu uliahidi kufanya kazi ya mlango wa Mungu.

Na ahadi hiyo ilijaribiwa upesi. Mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha mvua isiyo ya desturi katika Afrika ya Mashariki yote, nayo ikaendelea. Ziwa likapanda kama mita 2 na nusu hata kufikia mwaka 1964. Mashamba ya ukingoni yakazama, magati yakafunikwa, na vijiji vikahama. Kwa kuwa bwawa lilikuwa jipya, watu wengi walilinyoshea kidole, wakasema Jinja pamefungwa. Je, ilikuwa kweli? Natupige hesabu, mwalimu aweza kuiandika ubaoni.

Eneo la ziwa ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Kwa hiyo kuliinua ziwa zima kwa sentimita 1 tu kwahitaji kama mita za ujazo milioni 690. Tuseme mlango unaachia mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, nasi tuufunge kabisa, lisipite hata tone. Kwa siku moja tutakuwa tumezuia mita za ujazo milioni 86. Gawanya: yatupasa kungoja siku 8 ili ziwa lipande sentimita 1, yaani upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwa mwezi mzima hazifiki sentimita 4. Hata tungelifunga bwawa lile miaka miwili na nusu pasipo kufungua, tusingalipata nusu ya mita zile 2 na nusu. Wala halikufungwa: miaka ile maji yaliyotoka Jinja yaliongezeka, yakawa kama maradufu ya yale ya zamani, kama jabali lenyewe lingalivyofanya.

Basi mafuriko yalitoka wapi? Yalitoka juu. Ziwa letu ni tofauti na maziwa mengine mengi, kwa kuwa halinyweshwi zaidi na mito. Mito yote, yaani Kagera ulio mkubwa kuliko yote, na Mara, na Simiyu wetu, na Nzoia, na mingineyo, huleta kama sehemu 1 kati ya 5 za maji yaingiayo. Sehemu 4 huanguka ziwani moja kwa moja kwa mvua. Na kutoka ni vivyo hivyo: sehemu 4 hivi kati ya 5 hupaa juu kwa mvuke wa jua na upepo, na sehemu 1 tu hutoka kwa mlango wa Jinja. Kwa hiyo mlango mkubwa wa Nyanza, wa kuingilia na wa kutokea, ni mbingu. Na Jinja ni mlango mdogo wa nyuma. Mvua ikizidi mvuke, ziwa hupanda; mvuke ukizidi mvua, hushuka. Mvua za mwezi mmoja mkubwa zaweza kufanya kazi ambayo bwawa lingehitaji miezi mingi kuifanya.

Hata hivyo, msomaji asije akasema kwamba mlango wa Jinja basi hauna neno. Mambo madogo yafanywayo kila siku kwa muda mrefu huwa makubwa. Tupige hesabu ya pili. Tuseme mlinzi anaachia mita za ujazo 400 kwa sekunde zaidi ya Mstari wa Mapatano. Kwa siku moja hutaona kitu, wala kwa wiki moja. Kwa mwaka mmoja ziwa litakuwa limepungua sentimita 18. Kwa miaka mitatu zaidi ya nusu mita. Na katika ukingo ulio tambarare, nusu mita ya kushuka chini yaweza kuyarudisha maji nyuma mbali sana, mvuvi akalazimika kukokota mtumbwi wake matopeni.

Jambo la namna hiyo lilitokea kweli. Tangu mwaka 2000 bwawa la pili, liitwalo Kiira, lilianza kazi kando ya Nalubaale, kwa maji yale yale ya mlango mmoja. Mahitaji ya umeme yalikuwa yakiongezeka. Ukame ukaingia, na katika miaka ya 2004 hadi 2006 maji yaliyoachiwa yakawa mengi kupita yaliyoandikwa katika Mstari. Ziwa likashuka zaidi ya mita 1, hata mwishoni mwa mwaka 2006 likawa chini kuliko wakati wowote kwa muda wa miaka 80 hivi. Meli zilipata taabu kufikia magati, mabomba ya maji ya miji yakakaribia kuachwa juu, na mazalio ya samaki katika matete ya ukingoni yakakauka. Wataalamu waliopima jambo hili waliona kwamba karibu nusu ya upungufu ule ulitokana na ukame, na nusu iliyobaki ilitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi. Kisha uachiaji ukapunguzwa, mvua zikarudi, na ziwa likapanda tena.

Hapo ndipo tuonapo kwa yakini uwezo wa mlango huu. Hauwezi kutuzamisha kwa msimu mmoja, wala kutuokoa na mvua kubwa. Lakini ukichungwa bila uaminifu waweza kutupunguzia ziwa polepole, nasi tusijue ni nani aliyelichukua.

Mwaka 2020 ulitufundisha upande wa kwanza kwa mara nyingine. Mvua zilinyesha kwa wingi tangu mwishoni mwa mwaka 2019, na mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kiliifikia alama ya mwaka 1964 na kuipita kidogo. Malango yaliachia maji mengi sana, na bado ziwa likapanda. Wala hayangeweza kufunguliwa pasipo mwisho, kwa kuwa watu wa ziwa Kyoga, walio chini ya mto, nao walikuwa wakizama. Mwezi wa Aprili mwaka huo kisiwa cha magugu na matete kilichong'oka ukingoni kilielea mpaka Jinja, kikaziba mitambo, na Uganda karibu yote ikawa gizani kwa saa kadhaa. Kumbe kung'oka kwa ukingo wa ziwa kwaweza kuzima taa za nchi nzima! Mwaka 2024 maji yakapanda tena kwa kiasi kikubwa.

Tena yafaa tujue kwamba habari hii ina upande wa haki. Mapatano ya mwaka 1949, na yale ya mwaka 1929 yaliyotangulia, yaliandikwa na Uingereza na Misri. Wenyeji wa ukingo hawakuulizwa. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na mapatano ya mwaka 1929. Kwa msingi huo serikali ya Tanzania ilijenga chanzo cha maji pale Ihelele, wilaya ya Misungwi, na bomba likapeleka maji ya Nyanza mpaka Kahama na Shinyanga, na baadaye mpaka Tabora. Leo nchi za ziwa zina Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao yake yako Kisumu. Bwawa liko Uganda, lakini kimo cha maji ni mali ya wote. Mkulima wa Magu na mvuvi wa Ukerewe wana haki ya kujua ni maji kiasi gani yameachiwa mwezi huu, kama wenye shamba la shirika wajuavyo hesabu ya mavuno. Viongozi wetu wasione haya kuulizia hesabu hiyo. Mlango hulindwa vema pale ambapo wengi wanautazama.

Lakini kuuliza habari za Jinja hakutoshi ikiwa sisi wenyewe tumejenga ndani ya maji. Ziwa likishuka miaka michache, watu husogea mbele: hupanda mpunga, hujenga vibanda, hata nyumba za matofali, mahali palipokuwa maji jana na patakapokuwa maji kesho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Wengi huiona kuwa sheria ya kuwaonea wanyonge. Sisi twaiona kuwa ukumbusho wa mvua ya mwaka 1961. Sehemu hiyo ni chumba cha ziwa. Laweza kuondoka kwa miaka 10 au 20, lakini halikukihama.

Basi twatoa mashauri matatu. La kwanza, kila kijiji cha ukingoni kiwaulize wazee mahali maji yalipofika mwaka 1964, na waliohama mwaka 2020 wapaonyeshe palipofika miaka ile, kisha paandikwe alama juu ya jiwe lisilohama. Mwanza hatukosi mawe. La pili, kila shule iliyo karibu na ziwa isimamishe mti ulionyooka ndani ya maji matulivu, uliogawanywa kwa sentimita, na wanafunzi wausome kila Jumatatu asubuhi kabla upepo haujavuma, kwa kuwa upepo husukuma maji upande mmoja na kudanganya kipimo. Kando yake wapime na mvua. Baada ya mwaka mmoja watoto hao watajua habari za Nyanza kuliko wazee wengi. La tatu, mtu akisema Jinja pamefungwa au pamefunguliwa, aulizwe kwa upole: ziwa limepanda sentimita ngapi, na kwa muda wa siku ngapi? Likiwa limepanda sentimita 20 kwa mwezi mmoja, na atazame mawingu. Likiwa limeshuka mwaka hata mwaka ingawa mvua zimenyesha kama desturi, hapo ndipo kiongozi achukue kalamu, aandike barua, na kuuliza habari za mlango.